Paka na Nyumba Mpya: Chumba Kimoja au Nyumba Nzima, na Maamuzi Mengine ya Kuhama

Mtu akihama hubeba vyombo vyake na kuziacha kuta. Kwa paka, kuta hizo ndizo zilikuwa mali yenyewe: pembe za milango alizozoea kujisugulia, mguu wa kochi alioukwaruza, njia yake ya kutoka jikoni hadi dirishani bila kukanyaga sakafu. Ana tezi za harufu kidevuni, mashavuni, kwenye paji la uso, katikati ya vidole na karibu na shina la mkia, na kila anapojisugua au kukwaruza huacha alama kwamba hapa ni kwake. Nyumba mpya haina alama yake hata moja. Pengine ina za paka mwingine aliyekaa humo kabla yenu, na hizo yeye atazinusa hata kama wewe unaona pamepigwa deki pakang'aa.

Ukiuliza ufanye nini, ushauri utagongana. Huyu atakwambia umfungie chumbani, yule atasema mwache azunguke atazoea mwenyewe. Wote wawili wameona paka wao wakitulia, kwa hiyo kila mmoja ana uhakika wake. Nimeziweka njia hizo bega kwa bega, na pale ninapoegemea upande nitasema waziwazi.

Siku yenyewe ya kuhama

Uamuzi wa kwanza huja kabla hata hamjafika: paka abaki nyumbani wakati vitu vinafungwa, au apelekwe kwa mtu mwingine hadi mambo yatulie?

Kumpeleka kwingine kunamwepusha na kelele, milango iliyo wazi kutwa na wageni wanaobeba makabati. Kasoro yake ni kwamba atabadilishiwa mazingira mara mbili, kwanza huko alikohifadhiwa, kisha nyumba mpya. Njia ya pili ni kumfungia katika chumba kimoja cha nyumba ya zamani, akiwa na maji, mchanga wake wa kwendea haja na kikapu cha kubebea, chumba hicho kiwe cha mwisho kuhamishwa. Mimi huchagua hii ya pili kila inapowezekana, kwa sharti moja: mlango ufungwe kwa ufunguo na kubandikwa karatasi yenye maandishi makubwa. Tatizo la siku hiyo si paka. Ni ndugu mwema anayefungua mlango aangalie kama kuna boksi limesahaulika.

Ila kama kufungasha kutachukua siku kadhaa na nyumba haina chumba cha kufunga, mpeleke kwa mtu anayemfahamu. Na kikapu cha kubebea kianze kukaa sebuleni wiki kadhaa kabla, mlango wazi, kitambaa chake kikiwa ndani. Paka anayekiona kikapu siku ya kwenda kwa daktari pekee ana sababu zote za kukikimbia.

Chumba kimoja au nyumba nzima

Hapa ndipo penye ubishi mkubwa.

| | Chumba kimoja kwanza | Nyumba nzima tangu mwanzo |
|---|---|---|
| Paka anayefaa | Mwoga, mzee, aliyetoka kuokolewa, au aliyezoea nyumba moja miaka mingi | Jasiri, mdadisi, aliyewahi kuhama bila shida |
| Kujaza harufu yake | Haraka, eneo ni dogo | Polepole |
| Kujua kama anakula na kwenda haja | Rahisi | Vigumu, hasa mkiwa na paka zaidi ya mmoja |
| Hatari ya kutoroka | Ndogo | Kubwa, maana mafundi na wabebaji bado wanaingia na kutoka |
| Kinachoweza kuharibika | Anaweza kulia mlangoni na kuchoshwa | Anaweza kujibana mahali usipofika |

Kwa paka wengi, mimi niko upande wa chumba kimoja. Sababu inayonishawishi zaidi ni ile ya choo na chakula. Siku chache za mwanzo, habari muhimu kuliko zote ni kama bakuli limepungua na kama mchanga umetumika. Katika chumba kimoja utajua kwa kutupa jicho. Katika nyumba ya vyumba vitano, yenye maboksi mpaka darini, unaweza kukaa siku mbili ukidhani paka yuko sawa kumbe yuko nyuma ya jokofu na hajatia kitu tumboni.

Chumba chenyewe kichaguliwe kwa akili. Kisiwe kile chenye mashine ya kufulia, wala kisiwe njia ya watu kupita. Chakula na maji viwe upande mmoja, mchanga upande mwingine kabisa, kwa kuwa paka hapendi kula jirani na choo chake. Mpe mahali pa kujificha chini na mahali pa kupanda juu. Nyavu za madirisha zikaguliwe kwa mkono, usitosheke kuziangalia kwa macho: wavu uliolegea paka huusukuma kwa kichwa mara moja tu.

Lakini kuna paka ambao chumba kimoja huwaumiza. Wapo wanaomfuata mwenye nyumba kila aendako, hata bafuni, na mlango uliofungwa kwao ni adhabu. Paka wa namna hiyo akilia saa nyingi, akiukwaruza mlango na kukataa chakula mpaka uingie, anakwambia kwamba anachokihitaji ni wewe. Kristyn Vitale na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oregon State walionyesha mwaka 2019 kwamba watoto wa paka wengi, karibu theluthi mbili ya waliopimwa, hutulia katika chumba kigeni mlezi wao anaporudi, kisha huendelea kukichunguza chumba huku wakimrudia. Kwa paka wa aina hii njia ya katikati ni bora: funga vyumba vya kulala na stoo, acha sebule na chumba chake wazi, nawe ushinde humo.

Na kama nyumba yenyewe ni chumba na sebule, mjadala huu haukuhusu sana. Tenga pembe moja, izungushie maboksi au shuka, iwe yake.

Muda gani? Watu hupenda kupewa idadi ya siku, na ndipo wanapokosea. Kuna paka anayekuwa tayari jioni ileile, na kuna anayehitaji wiki tatu. Tazama mwili wake: anakula mbele yako, anatumia mchanga, anajilamba manyoya akiwa wazi na si mafichoni, anakuja mlangoni mkia ukiwa juu. Paka anayejilamba katikati ya chumba ameacha kujihami. Hapo fungua mlango saa ambayo nyumba imetulia, chumba kimoja kipya kwa wakati mmoja, na kile chake cha kwanza kibaki wazi siku zote ili awe na pa kukimbilia. Ukiona ameanza tena kutembea tumbo likigusa sakafu, mboni zimetanuka na masikio yamelala pembeni, rudi hatua moja nyuma. Hamjapoteza kitu.

Akijificha: kumtoa au kumwacha

Kumwacha. Hapa sina mizani ya kupima.

Kujificha ni njia yake ya kutuliza moyo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walifuatilia paka 19 walioingizwa katika kituo cha kutunzia wanyama: 10 walipewa boksi la kujificha, 9 hawakupewa. Waliokuwa na boksi walipunguza msongo mapema zaidi; wenzao waliwafikia baadaye, kadiri wiki mbili za uchunguzi zilivyosonga. Boksi la katoni ambalo ungelitupa baada ya kuhama lina kazi, basi. Lilaze ubavu, weka shuka uliyolalia, uache.

Kinachofaa kulinganishwa ni mahali pa kujificha. Boksi, kabati lililo wazi na uvungu wa kitanda ni sawa. Nyuma ya jokofu, ndani ya kochi lililochanika chini, na ndani ya mashine ya kufulia hapafai. Ziba nafasi hizo kabla hajaachiwa. Akiwa uvunguni, ingia chumbani ukae sakafuni ufanye shughuli zako, usome au uongee kwa simu kwa sauti ya chini. Usimkodolee macho. Ukikutana naye macho, fumba yako polepole kisha uyafumbue: watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walichapisha mwaka 2020 majaribio yaliyoonyesha kwamba paka huelekea kujibu kwa kufumba vivyo hivyo, na kwamba humsogelea zaidi mtu aliyewafanyia hivyo. Watoto wa nyumbani huupenda mchezo huu, nao una faida kubwa kuliko kuwakataza wasimguse kila dakika mbili.

Methali inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni mwongezee siku.

Vitu vya zamani au vipya

Nyumba mpya huamsha hamu ya kununua: kitanda kipya cha paka, nguzo mpya ya kukwaruzia, beseni jipya la mchanga lenye mfuniko. Nia ni njema, wakati ndio mbaya. Kwa mwezi wa kwanza kila chenye harufu yake kina thamani kuliko kipya, na kadiri kinavyochakaa ndivyo kilivyo bora. Blanketi lake lisifuliwe kabla ya kuhama, hata kama limejaa manyoya na unaona aibu mbele ya wageni. Mchanga uwe uleule aliouzoea, na ukiweza chukua kiasi kidogo kilichotumika ukichanganye na ule mpya ili ajue papo hapo beseni ni la nini. Chakula nacho kisibadilishwe wakati huu.

Kuna hila moja rahisi. Chukua kitambaa laini cha pamba, mpapase nacho mashavuni akiwa ametulia, halafu ukipitishe kwenye pembe za milango na miguu ya meza kwa kimo cha kichwa chake. Unamtangulizia harufu yake mwenyewe. Halichukui muda, nalo linasaidia zaidi katika vyumba ambavyo bado hajafunguliwa.

Upande wa kipya hushinda mahali pamoja: kitu kilichokojolewa kwa hofu au chenye viroboto hakina haja ya kuhamishwa. Na kama waliotangulia walifuga, sakafu na kuta walizonyunyizia paka wao zioshwe kwa sabuni yenye vimeng'enya vinavyovunjavunja mkojo. Epuka dawa za kusafishia zenye amonia. Harufu yake inakaribiana na ya mkojo, na unaweza kuwa unamwalika ajibu.

Feromoni, dawa, au utaratibu wa kila siku

Daktari wa mifugo Mfaransa, Patrick Pageat, ndiye aliyezichambua feromoni, yaani kemikali ambazo paka huziacha kwa kujisugua na mashavu, na kutokana na kazi yake ikaja bidhaa ya Feliway, nakala ya maabara ya kemikali hizo. Huuzwa kama kifaa cha kuchomeka kwenye soketi au dawa ya kupuliza. Matokeo ya tafiti kuihusu yanatofautiana. Kwa baadhi ya paka inasaidia, kwa wengine huoni kitu. Haimlevyi paka na haimlazi. Ukiwa na uwezo, ichomeke katika chumba chake siku moja kabla hajaingia. Ukiwa huna, usijione umemnyima: boksi, blanketi chafu na mlango uliofungwa hufanya kazi kubwa kuliko hiyo.

Dawa ni jambo jingine. Kwa paka anayetapika, anayejikojolea au anayepagawa safarini, daktari wa mifugo anaweza kuandika gabapentini, dawa ya kumtuliza, nayo hutolewa saa chache kabla ya kuondoka. Ni bora kuliko kumwacha ateseke njia nzima, ila kipimo kinategemea uzito na afya ya figo zake, kwa hiyo si ya kuazimana. Dawa za binadamu zisiguswe kabisa. Paracetamol, hata kiasi kidogo, inaweza kumuua paka. Mafuta ya mimea yenye harufu kali, kama ya mti uitwao kwa Kiingereza tea tree na ya mikaratusi, nayo ni hatari, hata yakiuzwa kama kitulizo cha asili.

Utaratibu hauna gharama na ndio nisingeuacha hata kwa yote hayo: chakula saa zilezile za nyumba ya zamani, dakika kumi za kumchezesha kwa kamba au manyoya kabla ya mlo wa jioni, na usiku taa zizimwe saa ileile. Kuta zimebadilika, saa zisibadilike.

Wakiwa wawili

Kama waliishi vizuri pamoja, wawekwe chumba kimoja, kila mmoja na bakuli lake, na mabeseni ya mchanga yawe idadi yao kuongeza moja. Kama walikuwa wakivumiliana tu, wape vyumba tofauti na uwakutanishe upya taratibu, kwa harufu kwanza na macho baadaye. Safari yenyewe huwabadilisha harufu, na paka waliolala pamoja jana wanaweza kufokeana leo kama hawajawahi kuonana. Usiwaadhibu kwa hilo.

Mstari usiovukwa

Katika haya yote kuna mahali subira inageuka uzembe. Paka asiyekula chochote kwa saa 24 apigiwe simu kwa daktari. Asiyekula siku mbili au tatu, hasa mnene, anaweza kupata ugonjwa wa ini kujaa mafuta, ambao huua. Na paka dume anayeingia na kutoka kwenye mchanga, akijikamua bila mkojo kutoka, au akilia anapojaribu, apelekwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Msongo wa kuhama huchochea uvimbe wa kibofu, na mrija wa dume ukiziba hana siku, ana saa. Wengi hudhani paka huyo anafunga choo, wakampa mafuta na kusubiri asubuhi.

Kutoka nje: mapema, baada ya wiki kadhaa, au asitoke tena

Aliyekuwa akitoka huko mlikotoka atadai kutoka, na kelele zake ndizo huwashinda watu siku ya nne au ya tano. Usifungue. Wiki tatu ni kiwango cha chini ninachoweza kukipendekeza, nne zikiwa bora, na hesabu ianze tangu alipoanza kuitumia nyumba yote kwa amani, si tangu gari lilipopakuliwa. Paka anayetoka kabla hajaifanya nyumba kuwa yake hana anachokirudia. Akitishwa na mbwa au honi, atakimbia kuelekea asikokujua, au atajaribu kuirudia nyumba ya zamani. Hatari hii ya pili ni kubwa zaidi mkihamia karibu, maana akizurura kidogo tu anakutana na njia anazozifahamu, na miguu inamalizia yenyewe. Aliyehamia mtaa wa pili afunge paka wake muda mrefu kuliko aliyehamia mji mwingine.

Mlinganisho wa kweli hapa ni kati ya kumruhusu tena na kutumia kuhama kama nafasi ya kumgeuza paka wa ndani. Hilo la pili linawezekana, hasa kwa paka mtu mzima ambaye bado hajaonja nje mpya. Hajui kilichoko huko, kwa hiyo anachodai ni tabia aliyoizoea, na unaweza kuijaza kwa dirisha lenye rafu, michezo na roshani iliyozungushiwa wavu. Barabara mpya ikiwa na magari mengi, mimi ningemgeuza. Kijana mwenye nguvu aliyekuwa akiwinda kila usiku atakusumbua miezi, na kwake mkanda wa kifuani wenye kamba, au uzio wa wavu, ni makubaliano yanayovumilika kwa pande zote.

Ukiamua kumtoa, mtoe mchana, kabla ya chakula, akiwa na njaa kiasi, mlango ukiwa wazi nyuma yake nawe ukiwa hapo. Dakika chache, kisha tingisha kopo la chakula. Asibebwe mikononi kwenda nje. Aijue njia kwa miguu yake ili aijue kurudi. Kabla ya hapo hakikisha ana chipu, kile kidude kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi, na kwamba namba yako ya simu na anwani zimebadilishwa katika rejista ya chipu. Chipu yenyewe hubeba namba tu, kwa kawaida ya tarakimu 15. Ikiwa rejista bado inaonyesha nyumba ya zamani, anayempata atampigia mtu asiyekuwepo.

Na akitoroka kabla ya wakati, usianze na mabango ya mji mzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu paka 1,210 waliopotea ulikuta kwamba robo tatu ya waliopatikana walikuwa ndani ya mita 500 kutoka walikopotelea, na nusu yao ndani ya mita 50 hivi. Wengi wako karibu wakiwa wamejibana kimya, bila kujibu hata wakiitwa na mtu wanayempenda. Tafuta kwa mikono na magoti: chini ya magari, ndani ya vibanda, kwenye mitaro, nyuma ya mitungi ya jirani. Rudia usiku wa manane kwa tochi, macho yake yatameta yakipigwa na mwanga. Waombe majirani wafungue stoo zao wakuache uangalie mwenyewe, kwa sababu kila mmoja atakwambia hayumo. Na kama nyumba ya zamani haiko mbali, waachie waliohamia humo namba yako na picha yake, na uwasihi wasimpe chakula kabla hawajakupigia.